Lijue tangi la mafuta la gari lako: Kutoka Kidodi hadi Morogoro robo tangi haitoshi

Na Mwandishi Wetu

DEREVA anayeondoka Kidodi, wilayani Kilosa, huku mshale wa mafuta ukikaribia mstari wa mwisho, kwa kawaida hujiambia kuwa ataongeza mbele. Mbele yenyewe ni Mikumi, mwendo usiofika kilomita 40 kwa barabara inayotoka Kidatu. Akifika njia panda na kukuta foleni kituoni, au akiwa tu na haraka ya kuwahi Morogoro, hupiga moyo konde na kuendelea. Kinachofuata baada ya mji wa Mikumi si kijiji wala duka. Ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inaikata kwa takriban kilomita 50.

Gari likiishiwa mafuta humo, abiria hawashuki kusukuma kama wafanyavyo mjini. Kuna tembo, nyati na simba, na kutembea kwa miguu ndani ya hifadhi bila ruhusa ni marufuku. Kilichobaki ni kufunga vioo na kuomba msaada kwa wapitao, ambao nao wana sababu nzuri za kutosimama.

Kata ya Kidodi iko kandokando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, katika eneo la mashamba ya miwa, si mbali na Mto Ruaha Mkuu. Msimu wa kuvuna miwa hujaza barabara hiyo malori na matrekta. Mwaka mzima hupita mabasi ya Ifakara, malori ya mchele, magari madogo ya wafanyabiashara na pikipiki zisizohesabika. Kila chombo kina tangi. Lakini tangi ni kifaa ambacho wenye magari wengi hawakijui zaidi ya mfuniko wake.

Hesabu ya robo tangi

Chukua mfano wa gari dogo lenye tangi la lita 45, linalokwenda wastani wa kilomita 12 kwa lita moja. Kutoka Kidodi hadi Morogoro mjini kupitia Mikumi ni takriban kilomita 150, hivyo gari hilo linahitaji lita 12 na nusu. Robo tangi ni lita 11 na kidogo, ambazo zitalipeleka kilomita 135. Litazimika likiwa limeshatoka hifadhini lakini halijaiona Msamvu.

Nusu ya robo, kiwango ambacho madereva wengi hukiita "bado yapo", ni lita tano na nusu hivi, sawa na kilomita 67. Ondoa 30 za kufika Mikumi, zinabaki 37. Hizo zinaishia katikati ya wanyama.

Hesabu hiyo ni ya ukarimu. Imechukulia kwamba kila tone lililomo tangini litaifikia injini, jambo ambalo si kweli, na kwamba gari halina mzigo, halina kipoza hewa kinachofanya kazi na halisimamishwi na matuta. Mwenye gari anayetaka kujua ukweli wa gari lake anaweza kujaza tangi mpaka bomba lijifunge lenyewe, aandike kilomita zilizo kwenye dashibodi, aendeshe siku kadhaa, kisha ajaze tena kwa namna ileile. Kilomita alizotembea zikigawanywa kwa lita zilizoingia mara ya pili ndiyo jibu. Akirudia zoezi hilo mara tatu atakuwa na takwimu anayoweza kuiamini kuliko maneno ya aliyemuuzia gari.

Kilichomo ndani

Katika magari mengi madogo tangi hukaa chini ya kiti cha nyuma, mbele ya ekseli. Kwenye pikapu hufungwa kwenye chesisi, na kwenye malori huning'inia ubavuni. Mahali hapo pa gari dogo hapakuchaguliwa ovyo, kwani ni sehemu isiyopondeka kwa urahisi gari linapogongwa kwa nyuma. Matangi ya zamani yalitengenezwa kwa bati la chuma. Mengi ya kisasa ni ya plastiki ngumu, ambayo haipati kutu na huweza kufinyangwa kufuata mabonde na vilima vya sakafu ya gari. Ndani huwa mna vizuizi vinavyozuia mafuta yasipige mawimbi gari linapofunga breki au kukata kona.

Kutokana na umbo hilo lisilo la kawaida, nusu ya mshale si lazima iwe nusu ya mafuta. Kinachopima ni boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakishuka, boya linashuka, mkono unasogea juu ya kipande cha umeme, na kiasi cha umeme kinachopita hapo ndicho kinachosukuma mshale kwenye dashibodi. Tangi likijaa kabisa, boya hukwama juu na kubaki hapo hata baada ya lita kadhaa kutumika. Ndiyo maana madereva hulalamika kwamba nusu ya kwanza inadumu na nusu ya pili inayeyuka. Mara nyingi hakuna aliyeiba mafuta. Boya ndilo lililochelewa kusema.

Boya hilohilo hudanganywa na mteremko. Anayepanda Kitonga, kwenye barabara ya kwenda Iringa, anaweza kuona mshale ukipanda au kushuka bila tone kuongezeka, kwa sababu mafuta yamehamia upande mmoja wa tangi. Kipimo cha kuaminika ni kile kinachosomwa gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Taa ya njano ya kuonya nayo ina mambo yake. Kiasi kinachobaki inapowaka hutofautiana kutoka aina moja ya gari hadi nyingine, na jibu sahihi limo kwenye kitabu cha gari. Bahati mbaya, magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa kutoka Japani huja bila kitabu, au huja na kitabu cha Kijapani. Kinachosaidia zaidi ni mshale mdogo wa pembe tatu ulio kando ya picha ya pampu kwenye dashibodi za magari mengi ya miaka ya karibuni: unaonyesha mfuniko wa tangi uko upande gani, na unamwepusha dereva mgeni na aibu ya kugeuza gari kituoni.

Pampu inayoogelea

Magari ya zamani yenye kabureta mara nyingi yalikuwa na pampu ya mafuta iliyofungwa kwenye injini. Magari ya petroli ya kisasa, yanayopuliza mafuta kwa shinikizo, yana pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi lenyewe. Ule mlio mwembamba unaosikika sekunde chache ufunguo unapozungushwa kabla ya kuwasha ndio wa pampu hiyo. Wazo la mota ya umeme kukaa ndani ya petroli humshtua anayelisikia kwa mara ya kwanza, lakini ndani ya tangi hakuna hewa ya kutosha kwa moto kuwaka, na mafuta yenyewe ndiyo yanayoipooza na kuilainisha pampu.

Hapo ndipo ilipo hasara ya kutembea siku zote na taa ya njano. Pampu isiyozungukwa na mafuta hupata joto, na gari likikata kona mafuta hukimbilia upande mmoja ikanyonya hewa kavu. Haifi siku hiyo. Hufa mapema kuliko ilivyokusudiwa, na bei ya pampu mpya pamoja na kazi ya fundi humeza kwa mara moja kile mwenye gari alichodhani anabana kwa kuweka mafuta ya shilingi elfu tano tano.

Wengi husema ubaya wa mafuta kidogo ni uchafu unaovutwa kutoka chini ya tangi. Hoja hiyo mara nyingi hutiwa chumvi. Pampu huchota karibu na sakafu ya tangi siku zote, liwe limejaa au la. Kweli ni kwamba mafuta yakipungua hutikisika zaidi na kuibua mashapo, na katika tangi kuukuu la chuma lenye kutu chujio linaweza kuziba. Kwa gari lenye tangi safi la plastiki, joto la pampu ni sababu kubwa kuliko uchafu.

Kwa gari la dizeli, kuishiwa kabisa kuna adha yake. Hewa huingia kwenye mabomba, na kuongeza mafuta pekee hakutoshi kuliwasha. Katika magari mengi ni lazima hewa itolewe kwa kupiga pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio hadi iwe ngumu, na katika mengine fundi hulegeza nati za mabomba mpaka mafuta yatoke bila mapovu.

Tangi pia linapumua. Mafuta yanapotoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi, vinginevyo tangi litajikaza na mafuta yatagoma kutoka. Dereva wa gari kuukuu ambaye injini yake hufifia baada ya mwendo, kisha akifungua mfuniko husikia mfyonzo mkubwa wa hewa na gari likarudia nguvu, ana tatizo la tundu la hewa lililoziba. Wapo waliobadilishiwa plagi, chujio na hata pampu kabla fundi hajafikiria mfuniko.

Kwenye kituo

Bomba la kujazia lina tundu dogo karibu na ncha yake. Mafuta yanapoingia tangini, hewa huvutwa kupitia tundu hilo. Kiwango kikipanda na kulifunika, hewa hukatika na klachi ndogo ndani ya mpini hujiachia: ndiyo ile "tak" inayosikika. Hapo kazi imekwisha. Mhudumu anayeendelea kudondosha kidogo kidogo ili apate tarakimu nzima anajaza nafasi iliyoachwa makusudi kwa ajili ya mvuke na kutanuka. Magari mengi ya petroli yana kikopo cha mkaa kinachonasa mvuke usitoke hewani. Kikilowa petroli kinaharibika, na gari linaweza kuanza kusumbua kuwaka kila linapotoka kujaza.

Kutanuka huko si jambo la kudhaniwa. Petroli huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Lita 40 zilizotoka ardhini zikiwa za baridi, gari likaachwa juani Kidodi mpaka zikapanda nyuzi 10, huongezeka kwa kiasi cha lita 0.4, ambazo zinahitaji mahali pa kwenda. Kwa upande mwingine, imani kwamba kununua mafuta alfajiri humpa mteja ziada haina uzito mkubwa, kwa kuwa matangi ya vituo yamefukiwa ardhini ambako joto halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana.

Kabla bomba halijainuliwa, injini izimwe, sigara iwe imezimwa mbali, na pampu isome sifuri. Mteja anayebaki amekaa akichezea simu huku namba zikianza kukimbia hana haki ya kulalamika sana baadaye. Asikilize na ataje kwa sauti aina ya mafuta, kisha amtazame mhudumu anachukua bomba gani.

Bei ya juu kabisa inayoruhusiwa hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), ambayo ilianza kutoa bei kikomo mwaka 2009. Bei hiyo hutofautiana kati ya mji na mji kwa sababu ya gharama ya kusafirisha kutoka bandarini, hivyo anayelinganisha bei ya Dar es Salaam na ya Mikumi asidhani ameibiwa. Kituo kinaweza kuuza chini ya kikomo, hakiruhusiwi kuuza juu yake. Usahihi wa pampu husimamiwa na Wakala wa Vipimo, ambao hukagua na kubandika stika na lakiri. Risiti ya mashine ya kodi nayo ni ya kudaiwa. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilivifungia vituo kadhaa ambavyo pampu zake hazikuwa zimeunganishwa na mashine hizo. Kwa dereva, risiti ina faida ya karibu zaidi: gari likianza kukohoa kilomita 20 mbele, ndiyo ushahidi wa mahali, siku na saa ya kununua.

Petroli, dizeli na yaliyochakachuliwa

Petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi kali na huwashwa na cheche ya plagi. Dizeli ni nzito, hutoa mvuke kidogo, na huwaka yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya injini. Kwa hiyo kubadilishana kwake si kosa dogo. Dizeli ikiingia kwenye gari la petroli, injini hutoa moshi, hugonga na kuzima, lakini mara nyingi kusafisha kunatosha. Petroli ikiingia kwenye gari la dizeli, hasara ni kubwa, kwa kuwa dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya shinikizo na vipulizio. Petroli huosha ulaini huo, chuma kikasagana na chuma.

Watengenezaji waliweka kinga ya upande mmoja. Kwa kawaida ncha ya bomba la dizeli ni nene kuliko shingo ya tangi la gari la petroli, hivyo haiingii. Ncha ya petroli ni nyembamba na huingia bila kizuizi kwenye tangi la dizeli, yaani kosa baya zaidi ndilo rahisi zaidi. Kwa anayemiminiwa kutoka kwenye dumu kwa faneli, hakuna kinga ya upande wowote. Kwenye magari kutoka Japani, kibandiko kilicho nyuma ya kifuniko cha tangi mara nyingi kimeandikwa Kijapani tupu. Anayenunua gari la aina hiyo angefanya vyema kuandika neno PETROLI au DIZELI kwa rangi juu yake siku ya kwanza.

Kosa likigundulika kabla gari halijawashwa, ufunguo usiguswe hata kuwasha redio, kwa kuwa pampu iliyo tangini huanza kusukuma ufunguo unapozungushwa. Gari lisukumwe pembeni, tangi litolewe mafuta yote. Hapo gharama ni ya mafuta na kazi ya fundi tu.

Ubora wa mafuta una historia yake nchini. Petroli yenye madini ya risasi iliachwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha mwaka 2021. Tatizo lililowaudhi zaidi madereva wa Tanzania lilikuwa kuchanganya dizeli au petroli na mafuta ya taa, ambayo kodi yake ilikuwa ndogo. Ndipo neno "kuchakachua" lilipovuma kiasi cha kuhamia kwenye siasa, na katika uchaguzi wa mwaka 2010 watu wakawa wanazungumzia kura zilizochakachuliwa. Mwaka huohuo EWURA ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa nchini, ili mkaguzi aweze kutambua yaliyochanganywa au yaliyokwepa kodi kwa kisingizio cha kwenda nje. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Waliotumia vibatari na majiko ya mafuta walilipia kosa ambalo si lao, na hilo lilisemwa wazi wakati ule.

Maji ni adui wa kimya zaidi. Huingia kwa mfuniko usiokaza, kwa mvua inayonyesha wakati wa kumimina, na kwa unyevu unaoganda kwenye kuta za tangi ambalo muda mwingi liko tupu. Kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, hutulia chini, palepale pampu inapochota. Magari mengi ya dizeli yana chujio lenye kikombe cha kutenga maji na taa ya kuonya. Taa hiyo ikiwaka, kikombe kimwagwe siku hiyohiyo.

Chupa na madumu

Vijijini, petroli huuzwa kandokando ya barabara katika chupa za maji na madumu ya mafuta ya kula, kwa kipimo cha macho na kwa bei inayozidi ya kituoni. Wateja wakubwa ni waendesha bodaboda. Si haki kuwalaumu kwa kutojua hatari. Kituo kikiwa mbali, kwenda kujaza lita mbili ni kula moja njiani. EWURA ililitambua hilo na kulegeza masharti ya vituo vidogo vya vijijini, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ukaanzisha mikopo kwa wanaotaka kuvijenga.

Hata hivyo, kinachomiminwa kutoka kwenye chupa hakina stika wala risiti. Chupa nyembamba hulainika na kuvimba juani. Mbaya zaidi ni nyumba inayotumika kuhifadhia madumu huku jiko likiwaka chumba cha pili. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai ukapotea, bali hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango na kuufuata moto ulipo.

Anayelazimika kubeba dumu, basi liwe la chuma au plastiki nene iliyotengenezwa kwa mafuta, lisijazwe hadi mdomoni, na lifungwe kwa mfuniko wake halisi badala ya kipande cha nailoni. Wakati wa kujaza liwekwe chini ardhini, ncha ya bomba ikiligusa. Dumu lililo juu ya kiti, ndani ya buti au kwenye pikapu iliyotandikwa plastiki hukusanya umeme tuli ambao hauna njia ya kwenda ardhini, na cheche moja isiyoonekana inatosha. Kwenye bodaboda, abiria ashuke. Tangi liko juu ya injini iliyotoka kuunguruma, na kinachomwagika huangukia kwenye chuma cha moto.

Mkoa wa Morogoro hauhitaji kuelezwa mvuke unaweza kufanya nini. Agosti 10, 2019, lori la kubeba petroli lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia na ndoo na madumu kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, wengine wakiwa na pikipiki, na lori likalipuka. Waliokufa siku hiyo na katika wiki zilizofuata hospitalini walizidi 100. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo. Petroli iliyomwagika juani tayari ni wingu lililotanda kuzunguka miguu ya kila aliyepo, na wingu hilo halichagui aliyekuja kuchota na aliyekuja kutazama. Anayekuta lori limepinduka hana sababu ya kusogea, isipokuwa kuzuia magari mengine yasikaribie kutoka upande wowote.

Tangi likitoboka

Barabara za vumbi zinazoingia mashambani zina mawe na visiki vya kutosha kupasua tangi. Dalili ya kwanza ni harufu ndani ya gari, ya pili ni doa chini ya gari asubuhi. Kwa tundu dogo, mafundi wa mitaani husugua kipande cha sabuni ya kufulia mpaka kizibe. Mbinu hiyo hufanya kazi, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni kwa urahisi, lakini ni ya kufikia gereji tu. Mvua au dimbwi la maji litaiosha.

Gerejini ndipo kosa la mauti hufanyika. Tangi humwagwa mafuta, huonekana tupu, na fundi hulichomelea kwa umeme au gesi. Tangi la petroli lililotoka kumwagwa ni la hatari kuliko lililojaa. Lililojaa lina mafuta mengi na hewa kidogo, wakati "tupu" limejaa mchanganyiko wa mvuke na hewa, na mvuke wa petroli huweza kulipuka ukiwa asilimia moja na nusu tu ya hewa iliyomo. Kulisuuza mara moja kwa maji ya bomba hakutoshi, kwa sababu masalia yaliyonasa kwenye kona na mishono huendelea kutoa mvuke chuma kinapopata joto. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vya kulifukiza tangi kwa mvuke wa maji na kuhakikisha hakuna mvuke wa mafuta uliosalia. Tangi la plastiki halichomelewi kabisa. Katika mengi ya matukio hayo, kununua tangi lililotumika kutoka kwa wauza vipuri ni nafuu kuliko ukarabati, na gari linaweza kusubiri Mikumi siku mbili tatu mpaka lipatikane.